Mume wa Grupu la Hatulali

Amna binti Ibrahimu hakuanza kumdharau mumewe kwa siku moja. Dharau ilimwingia polepole, kama unyevu unavyopanda ukutani wakati wa masika pale Mbeya, mpaka siku unasogeza kabati unakuta nyuma yake kumeoza. Na lililomuuma zaidi ni kwamba aliolewa na mwanamume ambaye hakuwa na sababu ya kudharauliwa.

Iqbal Selemani alipokuja kumposa alikuwa mwuza mbegu wa kampuni moja ya pembejeo. Anaondoka asubuhi na pikipiki, anazunguka Uyole, Inyala, wakati mwingine anafika hadi Rujewa, na jioni anarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Akishakoga anakaa mkekani na kuanza kuigiza. Leo anaigiza mzee aliyeonja mbegu ya mahindi kwa ulimi kabla ya kuinunua, kesho anaigiza mama aliyemshtaki kwa mwenyekiti wa kijiji kwa sababu nyanya zake zimezaa kuliko alivyotarajia na hana wa kumsaidia kuzichuma. Amna alikuwa anacheka mpaka anaweka tonge chini. Yeye alikuwa mshonaji wa mapazia pale Mwanjelwa, na huko sokoni alikuwa anasikia maneno ya watu kutwa nzima, lakini hapakuwa na mtu wa kumchekesha kama mume wake.

Kisha kampuni ikawagawia simu. Zilikuwa simu nzuri, zenye kioo kipana, na bando linaingia lenyewe. Iqbal aliileta ya kwake ikiwa bado ndani ya boksi, akaiweka mezani, na wote watatu, yeye, Amna na binti yao Asmaa, wakaizunguka kama mgeni aliyerudi hija. Siku hiyo hiyo meneja wa kanda, bwana mmoja aitwaye Saulo aliyekuwa na ofisi yake Iringa mjini, alifungua grupu la WhatsApp akaliita HATULALI. Amna aliposomewa jina hilo alicheka. Alidhani ni utani.

Kila kulipokucha, kabla hata ya adhana, Saulo alikuwa anatuma picha ya simba au ya tai, chini yake maneno ya kuhimiza ushindi, na kila mfanyakazi alitakiwa kujibu. Ole wake atakayechelewa, maana ataitwa kwa jina mbele ya wenzake: "Iqbal, uko wapi?" Basi kina baba wazima, wengine wana wajukuu, mmoja ni mzee wa kanisa kwao Njombe, wakawa wanaandika mmoja baada ya mwingine: Nimepokea, bosi. Nimepokea, bosi. Tuko pamoja, bosi. Wengine waliongeza vile viganja viwili vilivyounganishwa, kama watu wanaoomba msamaha kwa kosa ambalo bado hawajalifanya.

Huyo Saulo mwenyewe, tangu apewe kiti, hakuwa amekanyaga shamba. Buti zake za mvua zilikaa nyuma ya gari, safi kama sahani za wageni. Kazi yake ikawa kudai picha. Mkulima akinunua dawa, apigwe picha. Asiponunua, apigwe picha pia, ionekane anafuatiliwa. Iqbal akaacha kurudi na visa, akawa anarudi na picha, na akishafika nyumbani ndiyo kwanza kazi inaanza: kuzichagua, kuzituma, kusubiri Saulo aweke dole gumba, na dole gumba lisipowekwa, kukosa raha.

Akawa anakula kwa mkono wa kulia na kuandika kwa mkono wa kushoto. Kidole gumba cha kushoto kilipata wepesi ambao mwili wake mwingine haukuwa nao tena. Asmaa akimweleza baba yake habari za shule, baba anaitikia "ehee, ehee" huku amekodolea kioo, mpaka siku moja mtoto akamwambia, kwa sauti ile ile ya kawaida, kwamba shule imeungua na walimu wote wamehamia Zambia. "Ehee," Iqbal akasema. "Hongera, mama." Asmaa akamtazama mama yake, kisha akaondoa sahani yake akaenda kumalizia chakula jikoni.

Hata swala haikupona. Iqbal alikuwa anaiweka simu pembeni ya mswala, upande wa kushoto, imezimwa sauti lakini inatetemeka. Amna aliyekuwa anaswali nyuma yake aliona, siku moja ya alasiri, jinsi mumewe alivyotoa salamu. Uso uligeuka kulia kama inavyotakiwa, ila macho yalibaki kushoto. Amna akamaliza swala yake, akakaa kitako, na akajikuta anamwonea haya, kama mtu anavyomwonea haya mgeni aliyelewa.

Baadaye vikaja vikao vya video vya Jumapili. Saulo aliagiza kila mtu awe na "mazingira ya kiofisi" nyuma yake. Iqbal akaja dukani kwa mkewe, akasimama kama mteja.

"Mama Asmaa, nishonee pazia la buluu. Lisiwe na maua."

"La dirisha lipi?"

"Si la dirisha. La kuweka nyuma yangu, bosi asione kitanda."

Amna alimshonea. Alikata kitambaa kizuri, akapinda ncha vizuri, maana hakujua kushona vibaya hata kwa mtu aliyemkera. Jumapili ikifika, Iqbal alikuwa anakaa kati ya kitanda na kabati, juu amevaa shati, tai na koti, chini amevaa msuli. Nyumba nzima inanyamazishwa. Hakuna kusaga, hakuna kutwanga, hakuna kuburuta kiti. Siku moja jogoo wa jirani aliwika katikati ya kikao na Saulo akauliza ni nani anayefuga ofisini. Iqbal alitoka mbio, tai shingoni na msuli kiunoni, akaenda kumwomba mama wa watu amfungie jogoo wake ndani. Mama yule alimtazama toka juu hadi chini, akamfungia jogoo, na habari ikawa imefika Mwanjelwa kabla kikao hakijaisha.

"Dada," Amna alimwambia Jaha, dada yake aliye Iringa, kwenye simu, "mume wangu nusu yake ni ya kampuni, nusu ni yangu. Na mimi wameniachia nusu ya msuli."

Jaha alicheka mpaka akakohoa. Amna naye alicheka. Lakini alipokata simu alijua kwamba zamani wangecheka pamoja na Iqbal, na sasa wanamcheka Iqbal.

Baba yao, mzee Ibrahimu, alifariki Alhamisi. Alikuwa na duka la vitambaa Miyomboni tangu ujana wake, na baba yake mwenyewe ndiye aliyepanda huku kutoka Kilwa na marobota ya nguo. Watu wa Iringa walimfahamu, Waislamu kwa Wakristo. Amna na Iqbal waliondoka Mbeya na basi la kwanza la Ijumaa, na njia nzima, kuanzia Igawa mpaka Makambako mpaka Mafinga, Iqbal alimshika mkewe mkono. Amna alifikiri: kumbe bado yupo.

Alichokuwa hajui ni kwamba Iqbal alishaomba ruhusa kwenye grupu, na Saulo alishamjibu mbele ya wote: "Pole sana, kaka. Ila tuko mwisho wa mwezi. Tuma lokesheni na picha ya mazishi kwa ajili ya rekodi, vinginevyo tutahesabu utoro." Ofisi ya Saulo ilikuwa mwendo mfupi wa bodaboda kutoka nyumba ya msiba kule Mshindo. Angeweza kuja mwenyewe, akakaa hata dakika chache kwenye kiti cha plastiki na kunywa kahawa ya msiba. Hakuja.

Mzee aliswaliwa baada ya swala ya Ijumaa, wanaume wakamchukua makaburini, wanawake wakabaki nyumbani. Jua lilipoanza kupoa, Amna alitaka kumpigia binti yake aliyebaki Mbeya, na chaji yake ilikuwa imekwisha. Iqbal akampa simu yake bila wasiwasi wowote, hata na fahari kidogo.

"Angalia," akamwambia, "wote wamenipa pole."

Amna akaangalia. Aliona picha ya migongo ya wanaume wameinama, kanzu zimekunjwa, na kati ya miguu yao sanda nyeupe ya baba yake akiingizwa mwanandani, ule ubavu wa kaburi. Chini ya picha, pole zimepangana. Mmoja alikosea akatuma stika ya mtoto anacheza ngoma, akaifuta, ikabaki alama kwamba ujumbe umefutwa. Kisha Saulo ameweka dole gumba. Kisha, hapo hapo, Saulo anauliza ni nani aliyefuatilia oda ya dawa ya vitunguu Ruaha Mbuyuni, na Iqbal amemjibu: "Nimeifuatilia jana kwa simu, bosi. Mzigo umetoka." Chini yake tena amejibu: "Ndiyo, bosi, lita zote."

Amna alisoma mara mbili. Akampigia Asmaa, akaongea naye kwa utulivu, akakata. Kisha akamwita mumewe pembeni, kwenye ukuta wa jiko la nje walipokuwa wanawake wanaosha masufuria.

"Wakati baba anateremshwa, mkono wako ulishika nini?"

"Udongo," Iqbal akasema. "Nilimwaga udongo kama watu wote."

"Na mkono wa pili?"

Iqbal aliuficha nyuma.

"Mama Asmaa, ni kazi. Nisingetuma wangeniandikia utoro. Hata baba mwenyewe alikuwa mtu wa biashara, angeelewa."

"Usimtaje baba," Amna akasema. "Umeshamtuma."

Hakulia mbele yake. Alirudi kwa wanawake, akachukua sufuria kubwa kuliko zote, akaanza kuisugua kwa majivu, na dada yake Jaha alipomuuliza kuna nini, akajibu kwamba hakuna kitu.

Waliporudi Mbeya, Amna aliacha kugombana na mumewe. Akawa mpole wa kutisha. Iqbal akimwambia kesho atatoka mapema, anajibu: "Nimepokea, bosi." Akimwambia chakula kina chumvi: "Nimepokea, bosi, naifuatilia." Yeye mwenyewe akimkaribisha mumewe mezani anasema, "Tuko pamoja, bosi." Na Iqbal, maskini wa Mungu, hakugundua! Siku za mwanzo aliona mkewe amekuwa msikivu. Hata alimsifia kwa rafiki yake wa kazini, Ipyana, kwamba ndoa ikikomaa mwanamke anatulia. Ni Asmaa aliyeelewa, na hakucheka.

"Mama, mbona unamfanyia hivyo?"

"Namfanyia nini? Si ndivyo anavyopenda watu waongee?"

Ilikuwa raha ya aina yake. Kila alipomtazama mumewe akijibu ujumbe huku kikombe cha chai kikipoa, Amna alihisi amekaa juu, mahali pasafi, anamtazama mtu aliye chini kwenye tope. Hakumwambia atoke. Alimtazama tu, na kumsimulia Jaha.

Haukupita muda mrefu, Saulo akahamishiwa makao makuu Dar es Salaam, na nafasi yake ya umeneja wa kanda akapewa Iqbal. Barua yenyewe ilisema amechaguliwa kwa "uwajibikaji na majibu ya haraka". Haikutaja mbegu wala wakulima. Ndugu wakaja na pongezi, wakachinjiwa mbuzi, na mjomba mmoja akamwambia Amna ana bahati kupata mume ambaye simu yake haizimwi. Amna alimwongezea mjomba mchuzi.

Iqbal alihamia Iringa, kwenye nyumba ya kampuni Gangilonga. Amna alisema atamfuata akishamaliza oda za mapazia ya hoteli moja. Oda hizo hazikuisha. Alipozimaliza akatafuta nyingine.

Ni baada ya miezi kadhaa, kwa kubanwa sana na Jaha, ndipo alipokwenda kumtembelea mumewe. Alifika Jumamosi. Nyumba ilikuwa kubwa na tupu, jokofu lina maji na mayai, na lile pazia la buluu limetundikwa sebuleni nyuma ya meza, sehemu ya heshima, pale ambapo watu wengine wangetundika picha ya harusi.

Jumapili Amna alipika wali wa nazi na kuku. Walikaa mezani wawili. Kabla Amna hajamimina mchuzi, Iqbal alishika simu, akaisogeza mdomoni na kurekodi sauti:

"Yohane, uko wapi? Tangu asubuhi sijaona picha yako. Mimi sitaki hadithi, nataka picha na lokesheni. Tuko mwisho wa mwezi, kaka."

Amna akabaki ameshika upawa. Maneno yalikuwa ya Saulo, na sauti ilikuwa ya mume wake, ile iliyokuwa inaigiza wazee wa Inyala. Hakuwa anamwigiza Saulo. Alikuwa anaongea kwa dhati kabisa.

"Yohane ni nani?" akauliza.

"Kijana wangu wa Ruaha Mbuyuni. Mlutheri mmoja, mchapakazi, ila siku za Jumapili ananisumbua. Akishaingia kanisani anajiona yuko likizo."

Jibu halikuja. Iqbal akapiga. Akaweka spika, akaiegemeza simu kwenye bakuli la kachumbari, akaanza kula. Ikaita mpaka karibu kukatika, kisha ikapokelewa, na sauti ya mwanamke ikajaza sebule, na nyuma yake kelele za watoto na sufuria.

"Kamwene, bosi. Mimi ni Rozalia, mke wake Yohane."

"Ndiyo, shemeji. Mpe Yohane simu."

"Yohane anakula."

"Hamna shida, mpe tu, ni dakika moja."

"Bosi, nimesema anakula." Sauti haikupanda. "Tangu Jumatatu yuko kwenye vitunguu vya watu na madawa yenu. Jana amerudi watoto wameshalala. Leo ni Jumapili, amekaa na wanae, anacheka. Simu yake nimeichukua mimi, nimeiweka kwenye debe la mchele. Wewe mwenyewe umeshakula?"

Iqbal akatazama sahani yake. "Ndiyo... nakula."

"Uko na nani?"

"Na mke wangu."

"Basi mwangalie mkeo, bosi. Msalimie. Kesho asubuhi Yohane atakupigia." Na simu ikakatika.

Iqbal aliitazama ile simu kama inayomwonea. "Umeona? Huyu mwanamke hana adabu hata chembe. Kesho namwandikia mume wake barua ya onyo. Lazima watu wajifunze."

Amna alianza kucheka. Alicheka mpaka akaweka upawa chini na kujifuta macho kwa ncha ya mtandio. Halafu kicheko kikamkatika ghafla, kwa sababu kuna kitu kilikuwa kimemfika. Mwanamke yule hakuwa na pazia wala kejeli. Alikuwa hajaikaza sauti, hajamsema mumewe kwa dada yake, hajamfanya mzaha mbele ya binti yake. Alichukua simu akaiweka kwenye mchele. Na yeye, Amna, mwenye duka lake na ulimi wake unaoogopwa Mwanjelwa nzima, miaka yote hii amefanya nini? Amemshonea mtu pazia. Amekaa juu akamtazama akizama, akafurahia jinsi anavyochafuka. Aliona jinsi dharau yake ilivyokuwa kiti chenye mto laini, na yeye alikuwa amekikalia mpaka kikachukua umbo lake.

Alisogeza sahani.

"Baba Asmaa, nisikilize. Sitakuita bosi leo."

Iqbal akainua macho. Huenda ndipo kwanza aliposikia neno hilo jinsi lilivyokuwa likisemwa.

"Ukimwandikia Yohane barua," Amna akasema, "mimi narudi Mbeya na hutaniona tena kwenye nyumba hii, na sababu nitawaambia watu wote, kuanzia kwa mama yako."

"Hujui kazi ilivyo. Wananibana kutoka Dar. Mimi nisipobana..."

"Najua ilivyo. Nimekaa nayo mezani, nimelala nayo, nimemzika nayo baba yangu. Nilikasirika siku ile nikanyamaza. Nilikosea kunyamaza. Nikaanza kukucheka. Nimekucheka mwaka mzima, Iqbal, mimi na Jaha. Kila nilipokwambia nimepokea, nilikuwa nakutukana. Hukujua?"

Iqbal uso ulimwiva, halafu ukalegea, na kwa mara ya kwanza Amna aliona mvi kwenye kidevu chake.

"Nilidhani unaniheshimu," akasema.

"Sikuwa nakuheshimu. Na nilikuwa nakuheshimu sana ulipokuwa na pikipiki."

Kuku alipoa. Hakuna aliyemgusa. Iqbal alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akakaa. Akasema kwamba siku ile ya mazishi alijua kabisa kuwa anafanya jambo baya, alijua wakati anainua simu, na shemeji yake mmoja alipomtazama yeye mwenyewe aliona aibu, lakini aliogopa. "Niliogopa, mama. Tangu wanipe hii simu naogopa. Hata nikiwa chooni naogopa." Amna hakumfariji, ila hakumcheka pia.

Mwishoni Iqbal akavuta simu. "Haya," akasema, kama mtu aliyeamua kuvuka mto. Akaandika kwenye grupu, huku anasoma kwa sauti: kuanzia leo, Jumapili hakuna ujumbe wa kazi wala picha, na hakuna anayetakiwa kujibu, kila mtu akae na familia yake. Akatuma.

Simu ikaanza kutetemeka hapo hapo, mpaka ikasogea yenyewe juu ya meza. Nimepokea, bosi. Nimepokea, bosi. Tuko pamoja, bosi. Mmoja alituma jozi tatu za viganja. Mwingine alituma picha ya familia yake wote wamesimama wima mbele ya televisheni, na lokesheni juu. Amna alifumba macho. Watu wazima wale, ukiwafungulia mlango wanauliza watoke kwa foleni gani.

Iqbal alikuwa anapitisha kidole, midomo inahesabu. "Ipyana amejibu. Anania amejibu. Samwel..." Akakunja uso. "Yohane hajajibu."

Amna akamtazama.

"Hajajibu nini, Baba Asmaa? Kwamba leo hakuna kujibu?"

Iqbal akaganda na kidole hewani. Kisha bega moja likatikisika, halafu la pili, akacheka kicheko kidogo cha aibu kilichotokea puani. Akaizima simu. Aliizima kweli, mpaka kioo kikawa cheusi, na mchana wote uliobaki aliizungukazunguka kama mtu anayelinda nyoka aliyekufa ambaye hana uhakika naye.

Kesho yake hakumwandikia Yohane barua. Makao makuu waliona ukimya wa Jumapili zilizofuata, na Saulo, ambaye sasa alikuwa mkubwa zaidi, alimpigia kuuliza kama kanda yake imelala. Iqbal alibabaika, akajibu kwamba mauzo hayajashuka, jambo ambalo lilikuwa kweli, na Saulo akaahidi kumfuatilia. Jumapili mbili Iqbal alishindwa, akatuma ujumbe wa "dharura" ambao haukuwa dharura yoyote. Amna aliambiwa na Rozalia mwenyewe. Amna alikuwa ameomba namba yake, wakawa wanapigiana.

Kabla ya hayo yote, siku Amna alipokuwa anaondoka Iringa, Iqbal alimsindikiza mkewe mpaka stendi ya Igumbilo, akamnunulia maji na karanga, akasimama chini ya dirisha la basi.

"Utarudi lini?"

"Sirudi. Njoo wewe Mbeya. Ila ukija, uje wewe."

Alikuja Jumamosi ya pili. Duka la Mwanjelwa lilikuwa limejaa, kuna mapazia ya harusi yanadaiwa, na Amna hakuwa na nafasi ya kumpikia wala kumkarimu. Akampa ncha ya kitambaa ashike ili apime. Iqbal alisimama katikati ya marobota, meneja wa kanda mzima, amenyoosha mikono. Mara mbili mkono wake ulishuka kuelekea mfukoni, na mara mbili kitambaa kikalegea, na mkewe akamwangalia juu ya miwani.

"Shika," akasema. "Inapinda."

Mteja mmoja, mama wa Kisafwa aliyezoea duka lile, alimkagua yule mwanamume mgeni. "Umepata fundi mpya, Mama Asmaa?"

"Bado yuko kwenye majaribio," Amna akajibu, pini mdomoni.

Iqbal alisikia. Alivuta ncha ya kitambaa ikae sawa, akaishika kwa mikono yote miwili.